Hofu za wananchi kuhusu mazingira zichunguzwe kabla ya uamuzi, na kwa njia zinazosikia

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nizungumzie jambo ambalo halipewi uzito katika mijadala yetu kuhusu miradi mikubwa, nalo ni jinsi tunavyochunguza hofu za wananchi kuhusu hatari za kimazingira. Tangu wakazi wa Uyombo, kaunti ya Kilifi, walipoandamana mwezi Mei 2024 kupinga mpango wa kujenga kituo cha nishati ya nyuklia kwao, nimewasikia wengi wakisema kwamba watu wale hawakuelimishwa vya kutosha, na kwamba utafiti wa maoni ungefanywa mapema ungeonyesha mahali pa kupeleka elimu hiyo. Kauli hii imebeba madai mawili kwa pamoja: kwamba hofu ni upungufu wa maarifa, na kwamba kazi ya utafiti ni kuupima upungufu huo ili uzibwe. Nimetumia sehemu kubwa ya maisha yangu nikihoji watu katika vijiji vya Pwani kwa niaba ya watafiti wa aina mbalimbali, na yale niliyoyaona yananizuia kukubali hata dai moja kati ya hayo mawili.

Kwa wasiowahi kuona kazi hii inavyofanywa, kijana aliyepewa mafunzo mafupi hufika kijijini na hojaji ndani ya kishikwambi, akisindikizwa na mzee wa mtaa. Hukaribishwa kiti chini ya mwembe, akaanza kusoma: kwa kiwango cha moja hadi tano, moja ikiwa ni kutokuwa na wasiwasi wowote na tano ikiwa ni wasiwasi mkubwa mno, wewe una wasiwasi kiasi gani kuhusu uchafuzi wa hewa, uchafuzi wa maji, kelele, taka? Mhojiwa humtazama mzee wa mtaa, akamtazama na kijana, kisha akajibu tatu. Swali la pili pia hujibu tatu. Hadhani kwamba wasiwasi wake uko katikati, bali tatu ni jibu lisilomgombanisha na mtu yeyote aliyeketi pale. Baada ya wiki chache majibu hayo yatakuwa asilimia katika jedwali, na jedwali hilo litakuwa ushahidi kwamba wakazi wana wasiwasi wa wastani.

Katika kijiji kimoja cha Pwani Kusini nilimhoji mama mmoja aliyekuwa akipepeta mchele uani kwake. Alijibu kila swali kwa upole, na kwenye uchafuzi na upungufu wa maji akajibu tatu kama walivyojibu majirani zake. Nilipofunga hojaji na kumshukuru, aliweka ungo chini akasema, "Mwanangu, umeniuliza mengi, lakini kisima changu hukukiuliza." Akanipeleka nyuma ya nyumba akanionyesha kamba ya ndoo. Kamba ile ilikuwa na mafundo, na kila fundo lilikuwa mahali ilipoungwa kwa kipande kipya kwa sababu maji yalikuwa yameshuka na ndoo haikuyafikia tena. Aliniambia ni fundo lipi lilifungwa kabla timbo la mawe la jirani halijafunguliwa na ni yapi yaliyofungwa baadaye, akanitajia kila moja kwa msimu wa mvua na kwa mtoto aliyezaliwa mwaka huo. Mbele yangu palikuwa na kumbukumbu ya kina cha maji ya ardhini iliyotunzwa kwa uangalifu kuliko kumbukumbu yoyote niliyowahi kuiona katika ofisi za eneo lile, na hojaji niliyopewa haikuwa na mahali pa kuiandika.

Sisemi kwamba mama yule alikuwa amethibitisha kuwa timbo ndilo lililoshusha maji. Huenda mvua zilipungua, huenda visima vingine virefu vilichimbwa karibu. Nasema kwamba alikuwa na hoja inayoweza kuchunguzwa, yenye wakati, mahali na kipimo, na kwamba njia tuliyoitumia ilimgeuza kuwa namba tatu.

Inafaa kukumbuka njia hii ilitoka wapi, maana haikubuniwa ili kuwadharau watu. Mwaka 1969 mhandisi wa Marekani, Chauncey Starr, alijaribu kujibu swali la usalama kiasi gani unatosha kwa kutazama matendo ya jamii: vifo vinavyotokana na shughuli fulani akavilinganisha na faida zake, akakisia kwamba watu huvumilia hatari wanazojichagulia wenyewe zilizo kubwa takriban mara 1,000 kuliko zile wanazobebeshwa. Miaka michache baadaye kundi la wanasaikolojia katika jimbo la Oregon, miongoni mwao Baruch Fischhoff, Paul Slovic na Sarah Lichtenstein, liliona kwamba si haki kukisia mapenzi ya watu kutokana na takwimu za vifo ilhali watu wenyewe wapo na wanaweza kuulizwa. Katika utafiti waliouchapisha mwaka 1978, na katika kazi zilizofuata, waliwapa watu orodha ya shughuli na teknolojia 30 na kuwaomba wazipange kwa hatari. Kwa hiyo, chimbuko la hojaji zetu ni nia njema ya kumpa mwananchi sauti.

Matokeo yao yanatuhusu moja kwa moja. Wanachama wa chama cha wanawake wapiga kura walioulizwa waliiweka nishati ya nyuklia nafasi ya kwanza kwa hatari, na wanafunzi wa chuo kikuu wakafanya vivyo hivyo, ilhali kundi la wataalamu wa hatari liliiweka nafasi ya 20. Kwa upande mwingine, eksirei za hospitali, ambazo wataalamu waliziweka nafasi ya 7, wanawake wale waliziweka nafasi ya 22. Hapa ndipo wengi hukatiza hadithi na kutangaza kwamba umma haujui. Watafiti wenyewe hawakuishia hapo. Walipochimba zaidi waligundua kwamba wataalamu walikuwa wakipima kitu kimoja tu, yaani idadi ya vifo kwa mwaka, na kwamba wananchi nao walipoulizwa wakadirie vifo hivyo hawakutofautiana sana na takwimu. Tofauti ilitoka kwingine. Wananchi walikuwa wakipima pia kama mtu ana uwezo wa kuikwepa hatari hiyo, kama amejichagulia au amechaguliwa, kama madhara yake yatawafikia wajukuu, kama inaweza kuua watu wengi kwa mara moja, na kama sayansi yenyewe inaifahamu vizuri. Slovic alieleza waziwazi katika makala yake ya mwaka 1987 kwamba hofu za umma zina busara na makosa, sawa na makadirio ya wataalamu.

Nikiyachukua mambo hayo na kuyapeleka Uyombo, siyaoni kuwa mageni. Wakazi wa pale walizungumzia uvuvi wao, mikoko ya Mida, hifadhi ya bahari ya Watamu inayoleta watalii, na ardhi ambayo wangehamishwa. Walichokuwa wakiuliza ni nani atakayeamua, nani atakayebeba hasara, na je, siku jambo likiharibika mvuvi aliye baharini ataambiwa na nani. Hayo si maswali ya fizikia, na kumpelekea mtu somo la jinsi kinu cha nyuklia kinavyofanya kazi hakumjibu hata moja.

Hata hivyo njia ya Oregon ina kasoro ambazo sisi tumezirithi bila kuzikagua. Orodha ya hatari 30 ilitungwa na watafiti, kwa hiyo hatari ambayo haikuwamo haikuweza kutajwa. Waulizwaji walikuwa wachache na wa mji mmoja. Tena kila mtu aliulizwa peke yake, kana kwamba hofu huzaliwa ndani ya kichwa cha mtu mmoja, wakati sisi sote tunajua kwamba hofu ya kijiji hujengwa msikitini, kanisani, kwenye bandari za mitumbwi na kwenye foleni ya maji, na hutegemea nani aliwahi kutuambia nini na ikawaje.

Kasoro hii ya mwisho ilielezwa vizuri na mwanasosholojia wa Uingereza, Brian Wynne, aliyekwenda kuzungumza na wafugaji wa kondoo wa milima ya Cumbria baada ya ajali ya kinu cha nyuklia cha Chernobyl ya Aprili 1986. Mvua ilikuwa imeangusha kaisiamu ya mnururisho, yaani elementi inayotoa mionzi hatari, kwenye malisho yao, na mwezi Juni serikali ikapiga marufuku uuzaji wa kondoo, ikisema marufuku hiyo ingedumu wiki tatu hivi. Wanasayansi walikuwa wametegemea tabia ya kaisiamu katika udongo wa mfinyanzi, ambamo hunaswa isipande tena kwenye majani. Udongo wa milima ile ni wa mboji yenye asidi, na humo kaisiamu iliendelea kurudi kwenye nyasi, kisha kwenye kondoo, mwaka baada ya mwaka. Vikwazo vya mwisho viliondolewa mwaka 2012.

Katika kisa hicho kuna jambo dogo ninalolipenda. Wataalamu walitaka kujaribu kama madini fulani yakimwagwa malishoni yangeweza kuinasa kaisiamu, wakawafungia kondoo katika viwanja vidogo vilivyozungushiwa uzio ili walinganishe. Wafugaji waliwaambia kwamba kondoo wa milimani wamezoea kuzurura, na wakifungiwa watadhoofika, kwa hiyo vipimo havitakuwa na maana. Hawakusikilizwa, na baadaye jaribio hilo likaachwa kwa sababu zilezile walizozitaja. Wafugaji hao pia walikuwa na shaka kwamba sehemu ya uchafuzi ilitoka kwenye kiwanda cha nyuklia cha Sellafield kilicho karibu nao, ambako moto mkubwa ulizuka mwaka 1957, wakati kikiitwa Windscale, na habari zake zikafichwa. Hojaji ya moja hadi tano ingewaonyesha kuwa watu wenye wasiwasi mkubwa kuhusu mnururisho. Wynne alipokaa nao jikoni na zizini aliona kwamba walikuwa wakikadiria uaminifu wa taasisi, na kwamba walikuwa na sababu.

Tusidhani mifano iko Ulaya tu. Owino Uhuru, kijiji cha wapangaji na watu wa kipato kidogo katika kaunti ya Mombasa, kilipata jirani mpya mwaka 2007: kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu ili kupata madini ya risasi. Moshi ulitanda juu ya mabati na maji machafu yakapita kati ya nyumba. Akina mama walianza kulalamika kwamba watoto wanaugua maradhi yasiyosikia dawa na kwamba mimba zinaharibika. Phyllis Omido, aliyekuwa mwajiriwa wa kiwanda hicho, aliuguliwa na mwanawe mchanga. Vipimo vya magonjwa ya kawaida havikuonyesha kitu, hadi ilipogunduliwa kwamba damu ya mtoto ilikuwa na risasi. Hakuishia kwa mwanawe. Alipanga watoto wengine watatu wa kijiji, waliochaguliwa bila upendeleo, wapimwe damu, na wote wakakutwa na risasi nyingi kupita kiasi.

Naomba msomaji azingatie hatua hiyo, kwa maana ndiyo kiini cha barua yangu. Hofu ya mama mmoja iligeuzwa kuwa swali, swali likatafutiwa sampuli, ndogo lakini isiyochaguliwa kwa kupendelea jibu, na sampuli ikapelekwa maabara. Baadaye watafiti wa afya walifanya jambo hilohilo kwa upana, wakalinganisha damu ya watoto wa Owino Uhuru na ya watoto wa mtaa wa Bangladesh ulio jirani lakini mbali na moshi ule, na viwango vya Owino Uhuru vikawa juu zaidi. Kiwanda kiliacha kazi mwaka 2014. Mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi ya Mombasa iliamuru wakazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3, na amri hiyo, baada ya kutenguliwa katika rufaa, ikarejeshwa na Mahakama ya Juu mwezi Desemba 2024. Wahenga walisema adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Miaka yote ile ambapo malalamiko ya akina mama yalichukuliwa kuwa maneno ya mtaani, wao ndio waliokuwa na taarifa sahihi kuliko mtu yeyote, na kila mwaka uliopita ulikuwa mwaka wa risasi kuingia katika ubongo wa mtoto, ambako madhara yake hayafutiki.

Sheria yetu haijasahau jambo hili. Kanuni za tathmini ya athari za mazingira za mwaka 2003 zinamtaka mwenye mradi atafute maoni ya watakaoathirika: abandike matangazo mahali pa wazi, atangaze gazetini kwa wiki mbili mfululizo na redioni kwa lugha rasmi na lugha za wenyeji, na aitishe angalau mikutano mitatu ya hadhara, kukiwa na mtu aliyehitimu wa kupokea na kuandika maoni ya mdomo na ya maandishi. Katiba ya 2010 nayo inatoa haki ya mazingira safi katika kifungu cha 42. Upungufu uko katika kutafsiri maneno hayo kuwa kazi. Mwenye mradi ndiye anayemwajiri na kumlipa mtaalamu anayeandika tathmini, na mtaalamu huyohuyo ndiye anayekusanya hofu za wananchi kuhusu mradi wa mwajiri wake. Hata akiwa mwadilifu, mwanakijiji anamwona ameshuka kutoka gari la kampuni.

Kisa cha mradi wa makaa ya mawe wa Lamu kilitupa somo kuhusu wakati wa kuuliza. Mradi huo wa megawati 1,050 ulipewa leseni mwezi Septemba 2016, na tarehe 26 Juni 2019 Mahakama ya Kitaifa ya Mizozo ya Mazingira ikaifuta. Mojawapo ya sababu zake ilikuwa kwamba mikutano iliyofanywa mapema ilikuwa ya kuutambulisha mradi, na kwamba matokeo ya tathmini yenyewe hayakurudishwa kwa wananchi ipasavyo ili wayajadili. Watu wa Lamu walikuwa na maswali mahususi: majivu ya makaa yatahifadhiwaje katika ardhi iliyo karibu na bahari, maji ya moto yatakayomwagwa yatawafanya nini samaki, moshi utaudhuru vipi mji wa kale ambao ni urithi wa dunia tangu 2001. Huwezi kumuuliza mtu anaonaje jambo ambalo hujamweleza, kisha ukahesabu kimya chake kuwa ridhaa.

Zipo njia nyingine ambazo huletwa kwetu na ambazo nitazigusa kwa ufupi. Wachumi hupenda kuuliza mtu angekubali kulipa shilingi ngapi ili mazingira yake yasiharibiwe. Njia hiyo ilipata umaarufu mkubwa baada ya meli ya Exxon Valdez kumwaga mafuta Alaska mwaka 1989, na mwaka 1993 jopo lililoongozwa na wanauchumi Kenneth Arrow na Robert Solow liliiwekea masharti makali. Kwetu inanitia hofu, kwa sababu mvuvi asiye na akiba atataja kiasi kidogo, na umaskini wake utasomwa kuwa ni kutojali. Wengine huhesabu ni mara ngapi jambo limetajwa magazetini au katika mitandao ya kijamii. Hiyo ni njia nzuri ya kujua jinsi habari inavyokuzwa au kufifishwa inapopita mdomo hadi mdomo, lakini Owino Uhuru ilikaa miaka bila kutajwa na mtu, na sumu ilikuwa ileile.

Nikiulizwa ningetaka nini, jibu langu linahusu mpangilio kuliko kifaa. Hojaji ina kazi yake, tena kubwa, kwa sababu mahojiano ya watu wachache hayawezi kutuambia hofu fulani imeenea kwa kiasi gani. Ila hojaji ije ya pili. Kwanza watafiti wakae na watu bila orodha, wawaache wazungumze kwa lugha wanayoiwaza, iwe Kiswahili, Kigiriama au Kibajuni, na watembee nao hadi kisimani, shambani na ufukweni, kwa kuwa mtu akiwa mbele ya kitu hukumbuka asichokikumbuka akiwa kitini. Baruch Fischhoff na wenzake wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, akiwemo Granger Morgan, walijenga utaratibu kamili wa namna hii: mahojiano ya wazi hutangulia, yanalinganishwa na maelezo ya wataalamu, na hojaji hutungwa kutokana na yale yaliyosikika. Utaratibu huo hausemi kwamba kila hofu ni sahihi. Katika suala la nyuklia, kwa mfano, wapo wanaodhani kwamba kinu kinaweza kulipuka kama bomu la atomiki, jambo ambalo haliwezekani kwa sababu urani inayotumika humo haikurutubishwa, yaani haikuongezewa sehemu yake inayolipuka, kwa kiwango cha bomu. Mahojiano ya wazi hulibaini kosa hilo mara moja, na wakati huohuo yakaonyesha kwamba hofu ya jirani yake kuhusu maji ya moto baharini, au kuhusu taka zitakazobaki baada ya umeme kwisha, ina msingi. Hojaji ya moja hadi tano huwaweka wote wawili katika safu moja ya wenye wasiwasi mkubwa.

Uchoraji wa ramani na wananchi nao ufanywe kila inapowezekana. Dar es Salaam, kupitia mradi wa Ramani Huria ulioanza mwaka 2015, wanafunzi wa vyuo na wakazi wa mitaa walichora mifereji, nyumba na sehemu zinazofurika, mpaka maji yalipofika ukutani katika mafuriko yaliyopita, na ramani hizo zikatumika katika mipango ya kukabiliana na mafuriko. Mtu aliyeonyesha kwa kidole mahali maji yalipofika amekwisha kusema hofu yake kwa namna ambayo mhandisi anaweza kuitumia kesho yake asubuhi.

Suala la nani anaulizwa halipaswi kuachiwa programu ya kompyuta. Sampuli inayotaka mkuu wa kaya humpata baba na kumkosa mama ambaye ndiye anayeteka maji. Sampuli ya wenye ardhi humkosa mpangaji, na Owino Uhuru ilijaa wapangaji. Ukienda kijiji cha uvuvi siku za bamvua, maji yanapokupwa sana, wanawake wanaochokoa pweza wako miambani, na utarudi na majibu ya watu ambao riziki yao haiko baharini. Mikutano ya baraza nayo ina wasemaji wake wa siku zote. Vijana, wanawake na wavuvi wakutanishwe kila kundi mahali pake na saa yake, na chifu na mzee wa mtaa waombwe kwa heshima wasikae kwenye mahojiano, jambo ambalo wengi wao hulielewa wakielezwa sababu.

Najua litakalosemwa, kwamba hayo yote yanachukua muda na fedha. Ni kweli. Lakini mradi wa Lamu ulikwama mahakamani kwa miaka, na gharama ya kuwasikiliza watu kwa miezi kadhaa ni ndogo mno ukiilinganisha na hiyo. Kuhusu anayepaswa kuifanya kazi, napendekeza fedha zitoke kwa mwenye mradi lakini zipitie kwa mamlaka ya mazingira au bunge la kaunti, na kazi ipewe vyuo vikuu vya umma vilivyo karibu na wananchi, kama Chuo Kikuu cha Pwani kule Kilifi, ambavyo vitaendelea kuwapo hapo baada ya mradi kupita na kwa hiyo vina sababu ya kulinda jina lao.

Sasa macho ya wanaopanga nishati ya nyuklia yamegeukia kaunti ya Siaya, ukingoni mwa Ziwa Victoria. Kabla mahali pa kujenga hapajaamuliwa, naiomba serikali ichapishe hadharani mambo manne: hojaji itakayotumika, jinsi waulizwaji watakavyochaguliwa, jina la anayelipia utafiti, na tarehe ambayo watafiti watarudi katika kila kijiji walichokihoji kuwasomea wenyeji kwa Dholuo na Kiswahili yale yaliyoandikwa kwa niaba yao, ili mwenye kusema "hivi sivyo nilivyosema" apate nafasi ya kurekebisha kabla ripoti haijatiwa sahihi.

Mhojaji mstaafu,
Likoni, Mombasa